Patrice Lumumba: kutoka barua za madai mpaka kiti cha mamlaka

Kusini mwa Maniema, kutoka Kasongo mpaka Wamaza na Kabambare, raia wanapotaka kusema na wakubwa juu ya barabara mbovu, usalama ao mishahara ya walimu, njia ni zilezile: wanaandika memorandumu, wanafanya mkutano, saa zingine wanatembea kwa mguu mpaka kwenye biro ya teritware. Majibu ya wakubwa nayo yanajulikana. Kuna anayewapokea na kuwasikiliza. Kuna anayechukua karatasi na kuifungia kwenye kabati. Kuna anayesema wametumwa na mpinzani wake. Na kuna anayetuma polisi.

Mtu mmoja ambaye jina lake linajulikana na kila mtoto wa shule katika inchi aliyaona majibu hayo yote, tena kutoka pande mbili. Patrice Emery Lumumba alikuwa kwanza mtu wa vyama, mwenye kuandika barua na kudai. Akafungwa juu ya mkutano. Kisha yeye mwenyewe akapanda kwenye kiti, akawa mwenye kuletewa madai. Watu wengi wanakumbuka hotuba yake ya siku ya uhuru na kifo chake. Wachache wanakumbuka namna alivyowajibu raia na askari waliomdai yeye. Sehemu hiyo ya maisha yake ina mafundisho kwa wakubwa wa leo, na kwa wale wanaowadai pia.

Karani aliyepitia Kalima

Lumumba alizaliwa tarehe 2 mwezi wa saba 1925 katika kijiji cha Onalua, teritware ya Katako-Kombe, katika Sankuru, jirani ya Maniema upande wa magharibi. Alikuwa Mtetela, na Watetela ni ndugu wa karibu wa Wakusu wa Kibombo na Kasongo. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alisoma kwenye misheni, kwa Wakatoliki na kwa Wametodisti, lakini hakufikia masomo makubwa. Mengi aliyoyajua baadaye alijifundisha mwenyewe, kwa kusoma vitabu usiku na kwa masomo ya kutumiwa kwa posta.

Katika 1943, akiwa kijana wa miaka 18 hivi, aliacha kwao na kuja Maniema. Alipata kazi ya ofisi Kalima, katika kampuni ya Symétain iliyochimba kasiterite. Kambi za migodi za wakati ule zilikuwa shule ya namna yake: nyumba za wazungu upande mmoja, nyumba za weusi upande mwingine, na mishahara haikulingana hata kama kazi ilifanana. Mwaka 1944 alifika Stanleyville, ni kusema Kisangani ya leo, akaingia kazi ya serikali. Mwaka 1947 alipelekwa Léopoldville kusomea kazi ya posta, kisha akarudi kuwa karani wa posta. Mbali na Kitetela na Kifaransa alisema Kiswahili na Lingala. Ndiyo maana baadaye, alipopanda jukwaani mashariki mwa inchi, hakuhitaji mkalimani.

Mtu wa vyama

Wakati wa ukoloni Wakongomani hawakuwa na haki ya kufanya siasa. Vyama vya siasa havikuruhusiwa. Kilichoruhusiwa ni vyama vya kusaidiana, vyama vya waliosoma shule moja, vyama vya kabila, vikundi vya waevoluwe, ni kusema Wakongomani waliosoma na kufanya kazi za ofisi. Mkoloni alidhani vyama hivyo ni mahali pa kunywa chai na kusoma magazeti. Kumbe ni humo watu walijifunza kuongoza mkutano, kuandika ripoti, kuhesabu michango na kupiga kura.

Lumumba aliingia karibu katika vyama vyote vya Stanleyville. Aliongoza chama cha Watetela wa mji ule. Aliongoza chama cha waevoluwe. Mwaka 1955 akawa mwenyekiti wa APIC katika Jimbo la Mashariki, chama cha wafanyakazi Wakongomani wa serikali. Dai kubwa la APIC lilikuwa rahisi kueleza: wafanyakazi wa serikali, mweusi na mzungu, waongozwe na sheria moja ya kazi. Mbali na hayo Lumumba aliandika makala katika magazeti, na alianzisha jarida dogo la wafanyakazi wa posta.

Kwa wakati huo hakuwa mtu wa kupindua meza. Aliandika kwa heshima, alitumia maneno ya adabu, aliamini kwamba mkoloni akionyeshwa ukweli kwa kalamu atabadilika. Aliomba kitambulisho cha immatrikulasyo, kile kilichompa mweusi haki za karibu sawa na za mzungu. Mara ya kwanza alikataliwa. Akakata rufaa, na mwaka 1954 akakipata. Mwaka 1955 mfalme Baudouin alipotembelea Stanleyville, Lumumba alipata nafasi ya kuongea naye. Mwaka 1956 alikuwa katika kundi la Wakongomani walioalikwa kutembelea Ubelgiji.

Majibu ya mkoloni kwa watu wa aina hiyo yalikuwa mazuri kwa sura: mwaliko, kitambulisho, picha na mfalme. Kilichokosekana ni jibu kwa dai lenyewe. Sheria moja ya kazi ilisubiri mpaka 1959. Mtu alipewa heshima, lakini wenzake waliomtuma walibaki palepale. Mbinu hiyo haikuondoka na wazungu.

Feza za posta

Aliporudi kutoka Ubelgiji, mwezi wa saba 1956, Lumumba alikamatwa. Alishitakiwa kwamba alichukua feza za posta, karibu franka 126 000. Alikubali kwamba alizichukua, akasema alikuwa na nia ya kuzirudisha, na kwamba mshahara wa mweusi haukutosha kuishi maisha ambayo serikali ilimtaka mwevoluwe ayaishi. Tribinali ilimpa miaka miwili, ikapunguzwa baadaye. Alitoka gerezani mwezi wa tisa 1957.

Wanaompenda sana wanapitia haraka jambo hili, na wanaomchukia wanalirudilia kila siku. Lakini lina uzito kwa kila anayeongoza chama. Lumumba alitaka haki kwa wafanyakazi, na dai lile lilikuwa la kweli. Hata hivyo kosa la feza liliwapa wakubwa njia ya kumnyamazisha bila kujibu dai. Mtu anayesimama mbele ya serikali kwa jina la wengine anachunguzwa mfukoni kwanza.

Akiwa gerezani alimaliza kuandika kitabu juu ya Kongo na Ubelgiji. Ndani yake bado alitumainia umoja wa wazungu na weusi. Kitabu kilitoka 1961, baada ya kifo chake, wakati matumaini yale yalikwisha kufa pia.

Pombe, vijana na chama cha taifa

Baada ya gereza alihamia Léopoldville. Hakuwa tena na kazi ya serikali. Akaajiriwa na kiwanda cha pombe cha Bracongo, akawa mkubwa wa kuuza pombe ya Polar. Kazi hiyo ilimpitisha kila baa na kila komune ya mji. Alijifunza kusema na watu ambao hawakusoma, wale ambao vyama vya waevoluwe havikuwafikia. Karani wa barua akawa msemaji wa watu wengi.

Tarehe 10 mwezi wa kumi 1958 chama cha MNC, Mwendo wa Kitaifa wa Kongo, kilizaliwa Léopoldville, na Lumumba akawa kiongozi wake. Wakati vyama vingi vilisimama juu ya kabila ao jimbo, MNC kilitaka inchi moja. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo alikwenda Accra, Ghana, kwenye mkutano mkubwa wa watu wa Afrika ulioitishwa kwa Kwame Nkrumah. Joseph Kasavubu, kiongozi wa ABAKO, alitaka kwenda pia, lakini wakubwa walimzuia juu ya karatasi ya chanjo. Tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili Lumumba aliitisha mkutano Léopoldville, akawaeleza watu mambo ya Accra na kusema wazi kwamba uhuru ni haki, si zawadi.

Mkutano uliozuiwa

Siku saba baadaye, tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, ABAKO walitaka kufanya mkutano wao. Mkubwa wa mji akajibu kwamba taarifa ilichelewa, na kwamba mkutano ukigeuka wa siasa viongozi watabeba lawama. Viongozi wakaogopa, wakausogeza. Lakini watu walikwisha kufika. Waliambiwa warudi nyumbani, wakakataa. Siku hiyo mpira ulikuwa umechezwa, na watu waliotoka uwanjani wakaungana nao. Maduka yalivunjwa, magari yakapigwa mawe. Askari wa Force Publique wakafyatua risasi. Serikali ilihesabu wafu 49. Wakaaji wa mji waliamini walikuwa wengi zaidi. Kasavubu na wenzake walifungwa, na ABAKO ikavunjwa kwa amri.

Tarehe 13 mwezi huohuo mfalme Baudouin alisema kwenye redio kwamba Kongo itafikishwa kwenye uhuru.

Hapo kuna fundisho chungu. Kwa miaka mingi vyama viliandika barua za adabu, na jibu halikuja. Siku chache za moto na damu, na jibu likaja mbio. Mkoloni aliwafundisha raia yeye mwenyewe kwamba serikali haina masikio kwa karatasi, ina masikio kwa mawe tu. Serikali yoyote inayoacha memorandumu zioze kwenye kabati inafundisha somo hilohilo.

Damu ya Stanleyville

Katika 1959 MNC ilipasuka. Akina Albert Kalonji, Joseph Ileo na Cyrille Adoula waliondoka, na sehemu iliyobaki na Lumumba ikaitwa MNC-Lumumba. Nguvu zake zilikuwa Stanleyville, na Maniema pia, ambayo wakati ule ilikuwa wilaya ya Jimbo la Kivu.

Mwezi wa kumi 1959 MNC-Lumumba ilifanya kongamano Stanleyville. Tarehe 30 vurugu ilianza kati ya raia na askari. Risasi zikalia tena, na watu zaidi ya 20 walikufa. Tarehe 1 mwezi wa kumi na moja Lumumba alikamatwa, akashitakiwa kwamba maneno yake ndiyo yaliyowasha moto. Waliofyatua risasi hawakusimama mbele ya tribinali pamoja naye.

Wakubwa wa kikoloni walitumia pia njia nyingine, ya kimyamyama zaidi. Walitegemeza chama cha PNP, kilichojaa machifu na watu waliopatana na serikali, ili kionekane kuwa sauti ya raia wa kweli. Watu walikidhihaki kwamba ni chama cha weusi wa kulipwa. Kuunda kikundi cha marafiki ili kufunika kikundi cha wenye madai ni mbinu ya zamani sana katika inchi hii.

Haikusaidia. Mwezi wa kumi na mbili 1959 uchaguzi wa mitaa ulifanyika, na MNC-Lumumba ilishinda Stanleyville kwa wingi mkubwa, kiongozi wake akiwa gerezani. Tarehe 21 mwezi wa kwanza 1960 alihukumiwa miezi sita, akapelekwa Katanga, kwenye gereza la Jadotville, Likasi ya leo. Lakini Bruxelles Meza ya Duara ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na wajumbe Wakongomani walidai aachiliwe. Siku chache tu baada ya hukumu alitolewa na kuwekwa kwenye ndege. Alifika Bruxelles na alama za pingu mikononi. Tarehe 27 siku ya uhuru ilitangazwa: 30 mwezi wa sita 1960.

Siku aliyoketi kwenye kiti

Katika uchaguzi wa mwezi wa tano 1960 MNC-Lumumba ilitoka ya kwanza, na viti 33 juu ya 137 katika bunge. Kasavubu akawa raisi, Lumumba waziri wa kwanza. Siku ya uhuru, mfalme alisifu kazi ya Léopold II. Lumumba hakuwa kwenye programu. Alisimama hata hivyo, akataja kazi za shuruti, matusi, mishahara isiyotosha, ardhi iliyochukuliwa na watu waliouawa. Wakongomani waliosikia kwenye redio walijisikia wameheshimiwa. Wabelgiji wengi hawakumsamehe.

Katika siku zile za kwanza wabunge walijipandishia mshahara mpaka franka 500 000. Lumumba alikuwa kati ya wachache waliopinga, akaona kwamba ni wazimu utakaobomoa mfuko wa serikali. Hakusikilizwa. Askari, walimu na makarani waliona: wale waliochaguliwa jana wamekwisha kujihudumia, na wao bado wanangoja.

Askari wanadai

Tarehe 5 mwezi wa saba, siku tano baada ya uhuru, askari wa Léopoldville na Thysville waliasi. Madai yao yalikuwa ya zamani: hakuna hata ofisa mmoja mweusi katika jeshi lote, mshahara ni mdogo, dharau ni ileile. Mkubwa wao, jenerali Émile Janssens, Mbelgiji, aliwajibu kwa kuwaandikia ubaoni kwamba baada ya uhuru mambo yatabaki sawa na kabla ya uhuru. Jibu lile lilimwaga petroli juu ya moto.

Lumumba alijibu kwa namna nyingine. Tarehe 6 alipandisha kila askari cheo kimoja. Haikutosha, maana dai halikuwa cheo kwenye karatasi, lilikuwa nani anaamuru. Tarehe 8 alimwondoa Janssens, akamweka Victor Lundula kuwa mkubwa wa jeshi na Joseph-Désiré Mobutu kuwa msaidizi wake, na akakubali maofisa wawe Wakongomani. Kisha yeye na raisi Kasavubu wakazunguka inchi, kambi kwa kambi, kusema na askari ana kwa ana.

Ilikuwa kazi ya ujasiri, na mahali pengine ilituliza. Lakini muda ulikuwa umekwisha. Raia wa kizungu walipigwa, wanawake walitendewa maovu, na Wabelgiji walikimbia kwa maelfu. Kuanzia tarehe 10 Ubelgiji ilituma askari wake bila kuombwa na serikali ya Kongo. Tarehe 11 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Katika siku 12 tu za uhuru serikali ilipoteza jeshi lake na jimbo lake lenye utajiri mwingi.

Aliyedai naye anakataza

Mwezi wa nane ndio sehemu ambayo sifa za Lumumba zinairuka mara nyingi. Alirudi kutoka Marekani tarehe 8, akakuta Katanga imeondoka, Kasai Kusini imetangaza kujitenga chini ya Kalonji, na Léopoldville yenyewe imejaa wapinzani. Tarehe 9 alitangaza hali ya hatari katika inchi nzima. Amri zilizofuata zilikataza chama chochote kuanzishwa bila ruhusa ya serikali, na zikaipa serikali nguvu ya kufunga magazeti yaliyoichafulia jina. Gazeti la Courrier d'Afrique liliandika makala ya kumlaumu. Mkurugenzi wake akakamatwa, na gazeti likanyamaza.

Mtu aliyekua ndani ya vyama, aliyeishi kwa kalamu, aliyefungwa juu ya mkutano, sasa alitumia dawa ileile aliyonyweshwa. Tarehe 25 alipofungua mkutano wa Afrika Léopoldville, wapinzani walikuja kumpigia kelele nje. Polisi walifyatua risasi hewani na kuwapiga ili kuwafukuza. Na katika siku zilezile askari wa serikali waliotumwa Kasai Kusini waliingia Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo, na Waluba wengi wasio na silaha waliuawa. Lumumba hakuwa pale, lakini jeshi lilitumwa na serikali yake, na wapinzani wake walilitumia jambo hilo kumwangusha.

Kuna la kusema upande wake. Inchi ilikuwa inakatwa vipande. Askari wa kigeni walikuwa ndani. Baadhi ya waliompinga walipata feza kutoka nje. Serikali ilikuwa na wiki sita tu tangu kuzaliwa. Hayo yote ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba kila serikali inayofunga magazeti na kutawanya watu barabarani inasema inchi iko hatarini. Na amri zile hazikumpa nguvu. Zilimpunguzia marafiki wakati alipowahitaji sana.

Redio inafungwa

Tarehe 5 mwezi wa tisa, jioni, raisi Kasavubu alitangaza kwenye redio kwamba amemwondoa Lumumba. Usiku uleule Lumumba alifika kwenye redio hiyohiyo, akajibu kwamba yeye ndiye anamwondoa Kasavubu. Kesho yake watu wa Umoja wa Mataifa walifunga redio na viwanja vya ndege. Walisema ni kwa ajili ya amani. Lakini Kasavubu aliweza kutumia redio ya Brazzaville, ngambo ya mto, na Lumumba hakuwa na mahali. Mtu ambaye silaha yake kubwa ilikuwa sauti alinyang'anywa sauti.

Bunge lilikataa maondoleo yote mawili, na seneti ikamtegemeza Lumumba kwa kura 41 juu ya 2. Wawakilishi wa raia walikuwa wamesema. Hakuna aliyewasikia. Tarehe 14 Mobutu, aliyepewa cheo na Lumumba miezi miwili kabla, alitangaza kwamba jeshi limewasimamisha wanasiasa wote.

Safari ya mwisho

Lumumba alizingirwa ndani ya nyumba yake. Usiku wa tarehe 27 mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha, alitoroka kwa gari kuelekea Stanleyville, ambapo Antoine Gizenga alikuwa akikusanya wafuasi wao. Angeweza kupita kimya. Lakini njiani watu walimtambua, wakakusanyika, na yeye akasimama kusema nao. Saa zilipotea. Kule Lodi, kwenye mto Sankuru, alikwisha kuvuka, lakini mke wake Pauline na mtoto wao walikuwa bado ngambo ya pili, na askari walifika. Alirudi. Akakamatwa, karibu na inchi ya kuzaliwa kwake.

Alipelekwa Léopoldville, akapigwa mbele ya kamera, kisha akafungwa katika kambi ya Thysville. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 yeye pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito walipelekwa Élisabethville kwa ndege. Usiku huohuo walipigwa risasi porini, mbele ya wakubwa wa Katanga na maofisa Wabelgiji. Miili yao iliharibiwa kwa asidi ili kusiwe na kaburi. Mwaka 2001 tume ya bunge la Ubelgiji ilikubali kwamba inchi yao ina lawama katika kifo hicho. Kilichobaki, jino moja, kilirudishwa mwezi wa sita 2022, kikapitishwa Sankuru, Kisangani na Katanga, na kuzikwa Kinshasa tarehe 30.

Kilichobaki kwa raia na kwa wakubwa

Sheria ya leo haifanani na ile ya mkoloni, wala na amri za mwezi wa nane 1960. Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika artikli ya 26, inasema kuandamana ni haki. Wanaotaka kuandamana barabarani wanapaswa kuijulisha serikali kwa barua. Katiba haisemi kwamba wanapaswa kuomba ruhusa. Artikli ya 27 inampa kila Mkongomani haki ya kuandikia serikali barua ya madai, peke yake ao pamoja na wengine. Wakubwa wanapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna mtu anayeweza kushitakiwa kwa sababu aliandika.

Miezi mitatu. Kikundi cha Wamaza ao cha Kasongo kinachopeleka memorandumu kina haki ya kuhesabu siku. Kinafaa kuweka kopi yenye muhuri wa kupokelewa na tarehe, kushika vizuri hesabu ya michango, na kutokubali kwamba kiongozi wake anapewa bahasha ao safari mahali pa jibu. Hayo yote Lumumba aliyapitia.

Kwa wabunge, machifu na wakubwa wa teritware, maisha yake yanaonyesha kitu kingine. Alipokwenda kambini kuongea na askari waliokasirika, alipata heshima hata pale aliposhindwa. Alipofunga gazeti na kukataza vyama, hakupata utulivu, alipata maadui zaidi. Wengi wa wakubwa wa leo walianza sawa na yeye, katika shirika la raia, sendika ya walimu, kikundi cha vijana ao kanisa. Walijua kuandika memorandumu kabla ya kujua kuipokea. Raia anayesimama mbele ya biro yao na karatasi mkononi anasimama mahali ambapo wao walisimama jana, na ambapo, baada ya uchaguzi mmoja tu, wanaweza kusimama tena.